Usimuulize Amepata Ngapi, Muulize Amejua Nini



Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu zetu hujaa. Stetasi za WhatsApp huwa ni keki, maua na alama tu: huyu B, yule A, mashaallah, hongera. Aliyepata D huzima simu akajifungia chumbani, na mamake huwaambia majirani kuwa kijana amekwenda kumzuru nyanyake Lamu. Baada ya wiki mbili keki imeliwa na D imeanza kusahaulika. Wa keki na wa chumbani, wote wawili hawajaulizwa swali moja dogo: miaka yote hii shuleni, umejua nini?

Mimi husaidia tuisheni ya Jumamosi baada ya Asri, kwenye madrasa ya mtaani kwetu. Ni benchi nne, ubao mmoja na watoto ambao wazazi wao hawawezi kulipia tuisheni ya mjini. Siku moja tulikuwa kwenye hesabu za pembetatu, ile kanuni ya Pythagoras. Kijana mmoja wa miaka 16 akainua mkono. "Kaka, samahani. Kwani hii yanisaidia nini? Mimi nataka kupita tu."

Nikamjibu vile nilivyojibiwa mimi nilipokuwa rika lake: "Itatoka kwa mtihani."

Akanyamaza, akanakili. Lakini mimi nilirudi nyumbani na lile swali, na usiku ule halikuniacha. Maana jibu nililompa ndilo maradhi yenyewe. Sisi ndio tumewaambia watoto tangu darasa la kwanza kwamba sababu ya kusoma ni mtihani. Kisha mtoto akitafuta njia ya mkato ya kuupita huo mtihani, akanunua karatasi inayodaiwa kuvuja au akaingia na mwakenya kwenye soksi, twashangaa tabia hii ameitoa wapi. Ukimwambia mtu kuwa shida yote ya safari ni kupata tiketi, usimlaumu akiiba tiketi.

Jumamosi iliyofuata sikuandika kitu ubaoni. Niliwachukua hadi nyumba iliyokuwa ikijengwa nyuma ya msikiti, ambako fundi alikuwa akipanga msingi. Alikuwa na kamba, vigingi na futi. Akapima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha akapima kutoka kigingi hadi kigingi. "Hapa lazima ifike 5," akasema. "Isipofika, kona imepinda, na ukijenga juu yake utapinda mpaka paani."

Yule kijana akanitazama. "Si ni ile ya juzi?"

Ndiyo hiyo hiyo. Tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, jumla 25, na tano mara tano ni 25. Fundi yule aliacha shule mapema na jina la Pythagoras halijui. Lakini kitu chenyewe anakijua mpaka kwenye vidole, na kinamlisha yeye na wanawe. Kijana akauliza mwenyewe, "Na nyumba ikiwa kubwa?" Fundi akacheka, akamwambia tumia 6, 8 na 10. Wiki iliyofuata alikuja madrasa kabla yangu.

Sikwambii kuwa amegeuka bingwa wa hesabu. Mengi bado yanamshinda. Lakini hajaniuliza tena yamsaidia nini, na siku hizi akikosa hesabu hataki nimwambie jibu, ataka kujua amekosea wapi. Kwangu mimi hayo ni makubwa kuliko alama.

Ndugu yangu, dada yangu, tusiseme ni watoto tu. Hebu tuangalie mambo yetu wenyewe kama Waislamu wa nchi hii, tuone kutojua kunatugharimu nini.

Anza na mirathi. Tuseme mzee amefariki na kuacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Baada ya mazishi, madeni na wasia, zimebaki shilingi 1,600,000. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane, ambayo ni 200,000. Zinabaki 1,400,000. Wa kiume hupata mafungu mawili na kila binti fungu moja, kwa hiyo ni mafungu manne ya 350,000. Wa kiume ana 700,000 na kila binti 350,000.

Sasa tuseme ami mtu anasimama kwenye kikao, kanzu imepigwa pasi, akasema, "Wanangu, tumefanya hesabu. Kila binti apewe 200,000, na mambo yamalizike kwa heri." Kama wale mabinti waliambiwa shuleni kuwa sehemu ni za mtihani tu, wataitikia amin. Kama mmoja wao anajua sehemu kikweli, atauliza kwa adabu, "Ami, na zile 300,000 zimekwenda wapi?" Hapo pesa ya yatima imeokolewa na somo la darasa la tano. Mahakama za Kadhi zipo, Katiba imezitambua katika Kifungu cha 170 na mirathi ni miongoni mwa kazi zao. Lakini Kadhi hawezi kukuamulia kesi ambayo hukujua kuwa unayo.

Wala hili si geni kwetu. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ndiye aliyeandika kitabu ambacho neno aljebra limetokana na jina lake. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Kwa hiyo ile aljebra unayoitukana kidato cha pili ilikuwa na kazi ya haki za warithi tangu mwanzo. Tulichokifanya sisi ni kuikata kutoka kwenye maisha, tukaibakisha ubaoni.

Nenda kwenye ardhi, kidonda chetu sisi watu wa Pwani. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni karibu hekta 0.046. Hatimiliki za Kenya huandikwa kwa hekta, lakini dalali huzungumza kwa futi na ekari. Mtu asiyeweza kubadilisha kipimo kimoja kwenda kingine anatia sahihi karatasi yenye tarakimu asizozielewa, kisha anakuja kulia kuwa amedhulumiwa. Amedhulumiwa kweli. Lakini kalamu aliishika yeye.

Na mwisho, kituo cha polisi. Wangapi katika sisi tunamjua kijana aliyewekewa taarifa mbele yake akaambiwa tia sahihi uende zako? Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umekwisha korti imefungwa. Maneno hayo yako wazi kwa yeyote anayeweza kusoma ukurasa mmoja akauelewa na akasema, "Afande, hapa mmeandika nisilolisema." Hiyo ndiyo maana ya ufahamu, lile somo ambalo wengi hulifanya kwa kuruka taarifa na kukimbilia maswali. Alama ya ufahamu haitakufaa kituoni. Ufahamu wenyewe ndio utakaokufaa.

Kwa hiyo ninapozungumza kuhusu thamani ya kusoma, sizungumzii kazi ya ofisi pekee. Nazungumzia kuweza kujisimamia.

Lakini kuna jambo la pili, na hapa nataka unisikize vizuri. Kuona faida ya elimu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukijua kitu mpaka kikawa chako, na katika hili sisi tuna mfano ambao tumeusahau.

Kumbuka chuoni, na chuo hapa nakusudia madrasa, kama tunavyosema Pwani. Ulisoma vipi? Ulikaa mbele ya maalim na juzuu yako. Mwenzako yuko Yasin, wewe uko Amma, na hakuna aliyeona ajabu. Ukikosea herufi moja hukupewa alama 60 ukaambiwa endelea. Uliambiwa rudia. Ukirudi kesho ukasoma sawa, maalim alikutilia alama ya somo jipya. Polepole, lakini ulichokipita ulikuwa nacho. Ndiyo maana mpaka leo, hata ukiwa umeacha mengi, Alhamdu husomi kwa kubahatisha.

Shuleni ni kinyume. Mwalimu ana wanafunzi 50 na muhula ni mmoja. Wiki hii ni sehemu, wiki ijayo ni asilimia, wiki ya tatu ni uwiano. Aliyeelewa nusu ya sehemu anapelekwa kwenye asilimia na ile nusu yake, anatoka na robo, na robo hiyo ndiyo anayoingia nayo kwenye uwiano. Akifika kidato cha tatu anaambiwa kichwa chake ni kigumu. Kumbe kichwa hakina neno. Ngazi ilivunjika daraja la tano na hakuna aliyeshuka naye kuitengeneza.

Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliliandika hili mwaka 1968. Hoja yake ilikuwa kwamba shule hukaza muda na kuacha kiwango cha kujua kibadilike kutoka mtoto hadi mtoto. Yeye akasema tugeuze: kiwango cha kujua ndicho kikazwe, na muda na msaada ndivyo vibadilike. Akaamini kuwa wanafunzi walio wengi mno wanaweza kulimudu somo wakipewa hivyo viwili. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Maalim wangu alikuwa akifanya hivyo kwa bakora moja na mkeka.

Na tazama mbali zaidi. Wanahistoria wa sira wanasimulia kuwa baada ya vita vya Badr, baadhi ya mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa waliambiwa wafundishe kila mmoja watoto 10 wa Madina. Na sharti halikuwa miezi kadhaa ya kufundisha. Mateka alikuwa huru watoto walipoimudu kazi ya kuandika. Uhuru wa mtu ulipimwa kwa kile ambacho watoto wamekijua. Fikiria tungepima shule zetu hivyo leo.

Nisijifanye kuwa chuo hakina kasoro. Wapo walioimba maneno miaka kumi bila kuambiwa maana yake, na wapo waliokimbia kwa sababu ya fimbo. Hayo tuyaache. Tuchukue lile moja: huendi mbele mpaka ulichonacho kimekaa.

Sasa najua wapo mnaosema kimoyomoyo, "Kaka, wacha hadithi. Jirani yetu ana digrii na anaendesha tuktuk. Mwengine alipata B na mpaka leo yuko maskani. Kusoma kumewapa nini?"

Swali hilo ni la haki na sitalipita kwa mawaidha. Ni kweli kazi ni chache. Ni kweli kuna milango inafungwa ukionekana jina lako na unapotoka. Ni kweli kuna shule zetu hazina walimu wa kutosha wala maabara, ilhali Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto, bure na ya lazima. Vita hivyo lazima tuvipigane, na tusichoke.

Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, atakayevipigana ni nani? Barua za serikali zinaandikwa na kusomwa. Bajeti ya kaunti ni tarakimu. Ukiingia kwenye kikao cha umma na hasira peke yake, utapigiwa makofi kisha mambo yabaki vile vile. Ukiingia na ukurasa wa bajeti na swali moja lililopigiwa hesabu, watakaa chini kukujibu. Pili, mlango ukifunguka siku moja, tutaingia na nini? Aliyenunua mtihani amejinunulia siku ya kuumbuka. Cheti kinasema anajua, mikono yake inasema hajui, na siku hiyo atakayeaibika si yeye peke yake. Watasema, "Si mnaona watu wa huko?" Mwenye digrii anayeendesha tuktuk amedhulumiwa nafasi. Aliyepita bila kujua amejidhulumu mwenyewe kabla ya kudhulumiwa na mtu.

Na wewe uliyepata D na unasoma haya kwa siri, una mtu wa kumtazama. Profesa Ali Mazrui alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1933, mtoto wa Sheikh Al-Amin Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu. Alifiwa na baba akiwa bado barobaro. Alipofanya mtihani wa Cambridge wa sekondari matokeo yake hayakutosha kumuingiza Makerere. Alikaa Mombasa akafanya kazi ya ukarani katika taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Lakini hakuacha kusoma, kuandika na kuzungumza mbele za watu. Baadaye akapata ufadhili wa kwenda Uingereza, akahitimu Manchester mwaka 1960, Columbia mwaka 1961, na akachukua udaktari Oxford mwaka 1966. Kisha akawa profesa wapi? Makerere, pale pale palipomkataa. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa kuzikwa kwao Mombasa, karibu na Fort Jesus.

Simtaji ili useme alama si kitu. Alama ni kitu, na aliyeipata kwa jasho lake apewe keki yake. Namtaja kwa sababu ile karatasi ilisema habari ya siku chache za mtihani, na yeye akaendelea kujua siku zilizobaki.

Basi tufanye nini? Wizara sitaisubiri, wala wewe usiisubiri. Una mdogo wako nyumbani, au binamu, au mtoto wa jirani. Anza na huyo mmoja.

Kwanza, badilisha swali. Akirudi shuleni usimuulize amepata ngapi. Muulize amejua nini leo ambacho jana hakukijua. Siku za kwanza atasema "hakuna". Wiki ya tatu atakuwa anakutafuta yeye akwambie.

Pili, mtoe nje. Mpeleke kwa fundi, kwa mshonaji wa buibui anayekata kitambaa mita tano bila kupoteza shibiri, kwa muuza duka anayepiga faida kichwani, kwa nahodha anayesoma maji kujaa na kupwa, kwa dada anayeuza dawa na kupima kipimo cha mtoto kwa uzani wake. Muache aone kuwa elimu ina wenyewe wanaoitumia, na si walimu peke yao.

Tatu, shuka naye. Kama hesabu za kidato cha tatu zinamshinda, usikazane hapo hapo. Rudi nyuma darasa baada ya darasa mpaka upate mahali alipo imara, kisha mpande pamoja. Mwambie wazi kuwa kurudi darasa la tano si aibu. Aibu ni kujifanya unaelea na huku unazama.

Nne, akufundishe wewe. Kaa kama mwanafunzi, mwambie, "Nieleze, mimi sijui." Akikwama, nyote wawili mmepaona pale pasipokaa sawa. Akikueleza mpaka ukaelewa, hilo amelimiliki, na hakuna atakayemnyang'anya.

Tano, na hili ni letu sisi wakubwa: usimtumie mtoto mtihani uliovuja, hata uletewe bure, hata uambiwe shule zote wanao. Unadhani unamsaidia. Unamfundisha kuwa kujua hakuna maana, na wewe ndiye kaka yake, atakuamini.

Yule kijana wangu wa benchi la nyuma bado yuko. Jumamosi iliyopita nilichelewa, nikamkuta ubaoni na watoto wawili wa darasa la saba. Alikuwa amewachorea pembetatu na nyumba juu yake. Mmoja akamuuliza, "Kwani hii yatusaidia nini?"

Hakusema itatoka kwa mtihani. Alichukua kamba.

Wabillahi tawfiq.